Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba kuokoa ng'ombe na malisho yao

MIONGONI mwa majina yaliyobandikwa kwenye barabara za jiji la Nairobi, la Muindi Mbingu hutajwa kila siku na maelfu ya watu ambao, wakiulizwa mwenyewe alikuwa nani, wangebaki kutazamana. Makanga hulitaja, wachuuzi wa Soko la Jiji hulitaja, na wanaopumzika katika bustani ya Jeevanjee saa za mchana hulitaja. Hata hivyo, nje ya Ukambani, kisa cha mtu huyu aliyeilazimisha serikali ya mkoloni kurudi nyuma bila mshale hata mmoja kurushwa hakijasimuliwa ipasavyo.

Na hata pale kinaposimuliwa, aghalabu hugeuzwa kuwa kisa cha shujaa mmoja peke yake. Sivyo kilivyokuwa. Ushindi wa mwaka wa 1938 ulikuwa wa majirani waliokuwa wamezoea tangu jadi kulimiana mashamba, kukopeshana ng'ombe na kulishana wakati wa njaa. Ukubwa wa Muindi Mbingu ni kwamba aliutambua utaratibu huo, akauelekeza mahali ambapo wenzake hawakuwahi kuuelekeza: kwenye mlango wa Gavana.

Samuel Muindi Mbingu alitoka Ngelani, si mbali na mji wa Machakos, karibu na vilima vya Mua. Jina la Samuel ladokeza kwamba alipitia mikononi mwa wamisionari, kama vijana wengi wa kizazi chake. Lakini kilichomuunda zaidi ni vilima vyenyewe. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mua ilikuwa imekwisha kutwaliwa na walowezi wa Kizungu. Mtoto wa Ngelani alikua akitazama, ng'ambo ya mpaka, malisho mabichi ambayo babu zake waliyajua kwa majina na ambayo yeye hakuruhusiwa kuyakanyaga.

Hasara haikuishia Mua. Uwanda wa Yatta, ambako wafugaji walikuwa wakipeleka mifugo yao wakati wa kiangazi, ulifanywa kuwa ardhi ya Serikali ya Kifalme. Mkamba aliyetaka kulisha ng'ombe huko sharti apate ruhusa na alipie. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Carter, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka wa 1934, ilisikiliza malalamiko ya watu lakini haikuwarudishia kile walichokidai. Kwa ufupi, watu waliongezeka, mifugo ikaongezeka, nayo ardhi ikafungiwa kwa mistari ya ramani.

Msomaji asiyeijua Ukambani huenda akashangaa kwa nini ng'ombe alileta mtafaruku mkubwa kiasi hicho. Jibu limo katika mvua. Kuanzia Kitui hadi sehemu ambazo leo ni Makueni, misimu ya mvua ni miwili na yote miwili haiaminiki. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miaka ile ile reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikikata nchi hiyo, Ukambani ilipatwa na njaa ambayo wazee waliiita Ngomanisye. Ilikuja ikiandamana na ndui na sotoka iliyofyeka mifugo, na vijiji vizima vikatawanyika kutafuta chakula kwa majirani.

Waliosalia hawakulisahau somo hilo. Ng'ombe alikuwa benki, bima na kitambulisho cha undugu kwa pamoja. Mtu mwenye mifugo mingi hakuifuga yote nyumbani kwake. Mingine aliiweka kwa rafiki na wakwe wa mbali, au ilipelekwa kwenye kambi za malisho ziitwazo syengo, ili ukame wa upande mmoja usimalize kila kitu. Aliyetunza ng'ombe wa mwenzake alikunywa maziwa. Mvua ilipokosekana, mbuzi na ng'ombe ndio waliobadilishwa kwa nafaka. Aliyemnyang'anya Mkamba ng'ombe wake hakumpunguzia mali tu, bali alikata kamba iliyomfunga na watu kumi wengine.

Maafisa wa kikoloni hawakuliona hilo, au waliliona wakalipuuza. Walichokiona wao ni makorongo. Miaka ya mwanzo ya 1930 ililetea Ukambani nzige na ukame, na vilima vya Machakos vikabaki vipara, udongo mwekundu ukisombwa na kila mvua. Wakati huo huo habari za vumbi lililofunika majimbo ya kati ya Marekani zilikuwa zimeenea duniani, na wataalamu wa milki ya Uingereza wakaingiwa na hofu kwamba Afrika nayo itageuka jangwa. Mwaka wa 1937 Colin Maher, mtaalamu wa serikali wa kuhifadhi udongo, aliandika juu ya hali ya Machakos kwa lugha ya kutisha.

Kwamba udongo uliharibika, hilo halina ubishi; wenye mashamba walilijua kabla ya Maher kuzaliwa. Ubishi ulikuwa juu ya chanzo na juu ya nani alipe. Serikali ilisema mifugo imezidi. Haikusema malisho yamepunguzwa. Kwa hivyo gharama ya tiba iliwekwa juu ya mgonjwa, naye mlowezi aliyekalia malisho ya Mua hakuombwa chochote.

Kulikuwapo pia harufu ya nyama. Kampuni ya Liebig, iliyokuwa na viwanda vya nyama ya mikebe huko Amerika ya Kusini, ilikubaliwa kujenga kiwanda Athi River, kwenye mpaka wa nchi ya Wakamba. Ili kisiendeshwe kwa hasara, kiwanda hicho kilihitaji takriban ng'ombe 30,000 kwa mwaka, tena kwa bei ya chini mno. Ilitokea basi kwamba idara zilizokuwa zikihangaikia udongo na kampuni iliyokuwa ikihangaikia mikebe zilifikia uamuzi mmoja: Wakamba wauze ng'ombe, wapende wasipende.

Utaratibu uliofuata ulikuwa wa kijeshi. Kila eneo lilipangiwa idadi ya mifugo linayoruhusiwa kubaki nayo. Ng'ombe wa kubaki walipigwa chapa ya moto, na wengine wakahesabiwa kuwa wa ziada. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka wa 1938 wale wa ziada walianza kuswagwa hadi minadani, ambako bei ilikuwa duni. Machifu, walioajiriwa na serikali na hapo hapo wakiishi miongoni mwa waliokuwa wakinyang'anywa, walijikuta katikati kama nafaka kati ya mawe ya kusagia.

Hapo ndipo Muindi Mbingu na wenzake, wakiwamo Isaac Mwalozi na Elijah Kavulu, walipounda chama kilichojulikana kwa Kiingereza kama Ukamba Members Association. Kilikuwa chama cha kisasa kwa sura: kilikuwa na viongozi, michango na barua zilizoandikwa kwa lugha ya ofisi. Kiliwasiliana na chama cha Wagikuyu cha KCA jijini Nairobi, kikapata kuungwa mkono na Isher Dass, Mhindi mwenye msimamo mkali aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Malalamiko yake yalifika hadi Wizara ya Makoloni mjini London, ambako Jomo Kenyatta, aliyekuwa huko wakati huo, aliyapeleka kwenye magazeti ya Uingereza.

Lakini chini ya sura hiyo ya kisasa palikuwa na kitu cha kale zaidi. Wanachama walikula kiapo, kile ambacho Wakamba hukiita muma, kwamba watasimama pamoja na hawatashirikiana na zoezi la kupunguza mifugo. Serikali ilikichukulia kiapo hicho kuwa uchawi na vitisho. Kwa waliokila, kilikuwa ndiyo njia iliyojulikana ya kuwafunga pamoja watu wasio wa ukoo mmoja, ili asiwepo atakayeuza jirani yake kwa kupata upendeleo.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Wakamba kutafuta dawa ya maumivu ya nchi kwa njia zao wenyewe. Mwaka wa 1911 mwanamke aitwaye Syotune wa Kathuke aliwavuta watu wengi kwa ngoma na mapepo, akiwataka waache kutii amri za serikali. Alikamatwa na kupelekwa mbali na kwao. Mwaka wa 1922, kusini mwa wilaya ya Machakos ya wakati huo, Ndonye wa Kauti alijitangaza nabii na kuwatabiria watu mwisho wa utawala wa Wazungu. Yeye alihamishiwa Siyu, katika visiwa vya Lamu. Na kila siku, bila nabii wala askari, akina mama wazee waliendelea kucheza kilumi, ngoma inayochezwa kumponya aliyepandwa na mapepo na kuomba mvua inapochelewa.

Mkoloni aliyaona mambo haya kuwa wazimu wa muda. Lakini katika jamii ambayo ukame, maradhi na dhuluma huja kwa pamoja, ni vigumu kutenganisha uponyaji wa mtu mmoja na uponyaji wa nchi. Muindi Mbingu hakuwa nabii wala mganga. Ila alirithi watu waliokwisha kuzoea kukusanyika pale mambo yanapowazidi.

Mwishoni mwa Julai 1938 walikusanyika. Wanaume, wanawake na watoto, idadi yao ikipita elfu moja, walifunga safari kutoka Machakos hadi Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 60, wakinuia kumwona Gavana. Gavana alikuwa Sir Robert Brooke-Popham, mwanajeshi wa anga ambaye miaka michache baadaye angepelekwa Singapore kuamuru majeshi ya Uingereza ya Mashariki ya Mbali. Hakukubali kuwaona. Alidhani, bila shaka, kwamba njaa na baridi ya Julai zitawarudisha makwao.

Hawakurudi. Walipiga kambi karibu na Kariokor, wakakaa hapo majuma kadhaa, yapata sita. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa katika vitabu vya shule. Umati wa watu zaidi ya elfu moja, wenye watoto, haukai katika mji wa wageni majuma sita kwa hasira peke yake. Lazima awepo wa kuleta unga, wa kuteka maji, wa kumuuguza mgonjwa na wa kuamua ugomvi kabla haujafika kwa polisi. Na huko nyumbani lazima awepo wa kukama ng'ombe wa jirani aliyeondoka, na wa kumlindia shamba lake lisivamiwe na nyani. Mtandao ule ule ambao maafisa walikuwa wakiukata kwa chapa ya moto ndio uliowalisha waandamanaji wa Kariokor.

Pia walikaa kwa utulivu. Hapakuwa na maduka yaliyovunjwa wala mawe yaliyorushwa, na serikali ikakosa kisingizio cha kutumia bunduki kama ilivyofanya mwaka wa 1922 wakati watu walipokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe.

Serikali ilikuwa na sababu nyingine ya kusitasita. Wakamba walikuwa wengi mno katika jeshi la KAR na katika polisi kuliko idadi yao nchini ingemfanya mtu atarajie. Askari aliyesimama na bunduki Nairobi huenda alikuwa na baba ambaye ng'ombe wake walikuwa wamepigwa mnada juma lililopita. Ulaya ilikuwa ikielekea vitani, na hakuna afisa aliyetaka kujaribu utiifu wa vikosi hivyo kwa ajili ya kiwanda cha mikebe.

Hatimaye Gavana alisalimu amri nusu nusu. Aliahidi kwenda Machakos, akaenda, akahutubia baraza na kuwaamuru watu warudi kwenye shughuli zao. Kabla ya mwaka kwisha, uuzaji wa mifugo kwa lazima ulisitishwa. Serikali haikukiri kushindwa. Ilisema tu kwamba kuanzia hapo watu watauza kwa hiari. Kila mmoja katika vijiji vya Machakos alielewa maana yake.

Aliyelipa gharama ni Muindi Mbingu mwenyewe. Alikamatwa mwaka huo huo wa 1938, akahamishiwa Lamu bila kufikishwa mbele ya mahakama kama mhalifu wa kawaida. Hivyo mwana wa vilima vikavu alijikuta kwenye kisiwa cha minazi na majahazi, katika funguvisiwa lile lile ambalo Ndonye wa Kauti alikuwa amepelekwa miaka 16 kabla yake. Huenda serikali iliamini kwamba Mkamba akitiwa baharini hatakuwa na njia ya kurudi.

Chama chake nacho hakikudumu. Mei 1940, vita vikiwa vimepamba moto, kilipigwa marufuku pamoja na KCA na chama cha watu wa milima ya Taita, na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Muindi aliachiliwa baada ya vita kwisha, akarudi katika Ukambani iliyokuwa imebadilika. Maelfu ya vijana walikuwa wamerejea kutoka Burma na kwingineko wakiwa na malipo ya jeshi mfukoni na maswali kichwani. Siasa zilikuwa zikishikwa na kizazi kipya, akiwamo Paul Ngei, ambaye mwaka wa 1952 angekamatwa pamoja na Kenyatta na kushtakiwa Kapenguria.

Muindi Mbingu hakuishi kuuona uhuru. Aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika siku za Hali ya Hatari, wakati ambapo maisha ya watu wengi mashuhuri yalikatizwa gizani. Miaka 10 baadaye bendera ya Uingereza ilishushwa, na iliyokuwa Stewart Street jijini Nairobi ikapewa jina lake.

Udongo aliougombania una historia yake, na pengine ndiyo sehemu ya kisa hiki ambayo ingemshangaza zaidi. Baada ya vita serikali ilirudi Machakos na mpango mwingine: safari hii si kuchukua ng'ombe bali kuchimba matuta. Mwanzoni ilitumia nguvu, na watu wakachimba kwa kinyongo. Katika miaka ya 1950 baadhi ya maafisa walizinduka, wakagundua kwamba Wakamba tayari walikuwa na chombo cha kazi hiyo.

Chombo hicho ni mwethya. Ni desturi ya majirani kukusanyika kwa zamu, leo shambani kwa huyu na kesho kwa yule, mwenyeji akiwapikia. Hakuna anayelipwa fedha. Anayekaa nyumbani bila sababu ndiye atakayelima peke yake zamu yake ikifika. Kwa muda serikali iliigeuza mwethya kuwa kazi ya kulazimishwa, na jina lenyewe likaanza kuchukiwa. Ilipoachwa mikononi mwa watu wachague viongozi wao, ambao wengi walikuwa wanawake kwa kuwa wanaume walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mijini, matuta yalienea vilimani.

Aina ya tuta iliyopendwa zaidi ni ile ya kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Inaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili sanifu kabisa limeingia katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengi bila kutafsiriwa. Si maneno mengi ya lugha yetu yaliyopata heshima hiyo.

Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao wa miaka 60 ya wilaya ya Machakos, ambayo hadi 1992 ilijumuisha Makueni. Walionyesha kwamba idadi ya watu ilipanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka wa 1990, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua. Walikwenda na picha zilizopigwa mwaka wa 1937, wakasimama mahali pale pale na kupiga nyingine. Penye vilima vipara vya wakati wa Maher pakaonekana matuta na miti.

Wapo waliosema kwamba picha hiyo ni nzuri kupita kiasi, na hawakukosea kabisa. Sehemu kame za kusini hazikunawiri kama vilima vya kaskazini, na maskini hawakufaidika sawa na wenye nacho. Lakini hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba watu wa Machakos waligeuka jangwa kwa sababu ng'ombe wao hawakupelekwa Athi River.

Leo msafiri anayepita Salama, kando ya barabara kuu ya Mombasa, akiinua macho kuelekea milima ya Kilungu huona matuta hayo yakizunguka miteremko kama ngazi. Katika Makueni na Kitui vikundi vya majirani hujenga pia mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hukingwa katika mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake na maji hujificha ndani ya mchanga hadi kiangazi. Mawe hubebwa na wanavikundi wenyewe, wengi wao wanawake, kwa utaratibu ule ule wa zamu. Misimu ya mvua ilipokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, tofauti kati ya kijiji chenye bwawa na kisicho nalo ilikuwa mwendo wa saa kadhaa na punda mwenye madumu.

Mwaka wa 2015 Kaunti ya Makueni ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kutunga kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi, ikitenga asilimia moja ya bajeti yake ya maendeleo na kuziachia kamati za wadi kupendekeza miradi. Wanaoketi katika kamati hizo ni wakulima na wafugaji wa hapo hapo. Mengi wanayoyaomba ni maji: birika, kisima, bwawa la mchanga, na mahali pa kunyweshea ng'ombe.